Haki ya Mnyonge Mahakamani

Watu wetu wamezoea kusema, mnyonge hana haki. Msemo huu, ndugu zetu, umewapotezea wengi mali zao, kwani asiyejua kuwa ana haki hawezi kuidai.

Tuchukue mfano wa mjane anayekaa Kitengela. Analetewa hati ya mahakama ya Kajiado kwamba kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe kina mwenyewe mwingine. Fedha za wakili hana, na nauli ni taabu. Basi hunyamaza, na hukumu hutolewa naye hayupo.

Ama sheria haikumtaka anyamaze. Kifungu cha 48 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kimeilazimisha Serikali kumfikishia kila mtu haki, wala ada isiwe kizuizi. Kisha ikatungwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, iliyounda Huduma ya Taifa ya kuwapa wasiojiweza ushauri na wakili kwa fedha za umma. Kesi za kodi na za kudai madeni hazimo. Lakini mashauri mengi ya madai, ya jinai na ya watoto yamo.

Lakini sheria iliyo kitabuni haimfuati mtu nyumbani kwake. Kwa hiyo twanasihi: hati ya mahakama isifichwe hata siku moja, asiyejua kusoma asomewe na jirani amwaminiye, na ajuaye kuandika amwandikie maombi ya msaada, kisha amsindikize. Serikali nayo yapasa iisogeze huduma hiyo karibu na watu wa Kitengela, wasiihesabu kuwa ni ya wakaao Nairobi tu.