Kasi, Joto na Mvumo: Upimaji wa Kadi ya Michoro

Kadi ya michoro huongezwa kasi hatua kwa hatua, mathalani megahezi 10 kila mara, huku ikitumikishwa kwa mchezo mzito. Vitone vya rangi ngeni vikizuka kwenye kiwambo, au picha ikiganda, ukomo umepitwa. Mpimaji hurudi nyuma. Hata hivyo, kasi pekee haitoshi kuwa kipimo. GeForce FX 5800 Ultra ya NVIDIA, iliyotoka mwaka 2003 kwa kasi ya megahezi 500, ilipoozwa na feni yenye mvumo mkali hata ikafananishwa na kifyonza vumbi. (Mvumo lafaa kuliko kelele, kwani sauti hiyo haikatiki.) Ndiyo maana mpimaji makini husubiri joto litulie kwanza, kisha hupima sauti: ongezeko la desibeli 10 sikio hulihisi takriban maradufu.