Dagaa, Maziwa na Kijana Aliyeongezeka Uzito

Mzazi, binti yako wa kidato cha pili akiongezeka uzito hadi sketi ya shule ikawa haifungi, usianze kwa kumnyang'anya maziwa huku kreti ya soda ikibaki pale pale.

Kuanzia miaka 9 hadi 18, kijana anahitaji takriban miligramu 1,300 za madini ya kalsiamu kila siku. Hiki ndicho kipindi mifupa inapojijenga kwa kasi. Ujana ukipita, fursa hiyo hairudi. Kikombe cha robo lita cha maziwa, yawe freshi au mgando, kina kama miligramu 300.

Huenda umesikia kwamba kalsiamu inayeyusha mafuta mwilini. Jambo hilo lilipimwa Marekani kwa wasichana wa miaka 13 na 14 waliozidi uzito. Waliongezewa vyakula vya maziwa mwaka mzima, na matokeo yakachapishwa 2017: mafuta yao hayakupungua kuliko ya wenzao, wala hayakuzidi. Kwa hiyo usinunue vidonge vya kalsiamu ili mtoto apungue, na usimnyime maziwa kwa kuhofia atanenepa.

Sisi wa kandokando ya ziwa tuna dagaa. Huyu huliwa pamoja na mifupa yake, na kalsiamu imo humo mifupani. Mnofu wa sangara, pamoja na utamu wake wote, haufikii hapo. Ukienda soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, tafuta waliokaushwa juu ya chanja. Walioanikwa mchangani uwaoshe kwa maji ya moto, urudie hadi mchanga uishe. Kisha wachemshe kwa nyanya, kitunguu na ndimu, uwaunge kwa kijiko kimoja cha mafuta. Ukiwatumbukiza kwenye karai la mafuta, unamwongezea kijana kile kile unachotaka akipunguze.

Uji wa ulezi nao una kalsiamu nyingi, mradi usiujaze sukari.

Cha kupunguza ni soda, chipsi, maandazi na saa nyingi za kukaa na simu. Kijana atembee, acheze mpira, achote maji. Apate walau dakika 60 za kutoka jasho kila siku. Mpeleke kituo cha afya apimwe uzito na urefu. Asishindishwe njaa, wala asiitwe bonge, hata kwa utani.

Jioni ya leo pika dagaa sufuria moja, nyumba nzima ile pamoja naye.