Je, Mraba ni Mstatili?

Mzazi mmoja aliyetazama daftari la mwanawe muhula huu aliniandikia barua ya adabu, akitaka kujua kwa nini nilitia alama ya kosa mahali mtoto alipoandika kwamba mraba si mstatili. Swali hilo ni jema, na kwa kuwa wanafunzi wengi walijibu vivyo hivyo, nalijibu hapa ili wote wasome.

Poligoni ni umbo bapa lililozungukwa na mistari iliyonyooka, na mwisho wa mstari mmoja ni mwanzo wa mwingine. Kwa hiyo duara si poligoni. Majina yake ya kwanza ni mepesi, kwani twahesabu pembe tu: pembetatu, pembenne, pembetano, pembesita, na kuendelea. Idadi ya pande ni ileile ya pembe, basi hakuna haja ya kuhesabu mara mbili.

Taabu huanza katika pembenne, maana hapo majina hayatokani na hesabu bali na sifa. Pembenne ambayo kila pande mbili zinazokabiliana ni sambamba huitwa msambamba. Msambamba ukiwa na pembe zote za nyuzi 90, ni mstatili. Ukiwa na pande zote nne sawa, ni rombasi. Mraba una sifa hizi zote mbili kwa pamoja. Basi kila mraba ni mstatili, tena ni rombasi, lakini si kila mstatili ni mraba. Kila jogoo ni kuku, wala hakuna asemaye kwamba kila kuku ni jogoo. (Trapeza yenye jozi moja tu ya pande sambamba haimo katika ukoo huu wa msambamba.)

Huenda mtu akasema haya ni maneno ya darasani tu. Sivyo. Tuseme baba anataka kujenga nyumba ya mita 8 kwa mita 6. Apiga vigingi vinne, afunga kamba, apima: 8, 6, 8, 6. Pande zote ni sahihi. Je, msingi ni mstatili? Bado hatujui! Vipimo hivyo vyaonyesha kuwa ni msambamba tu, nao waweza kuwa umelala upande. Apime mishazari, yaani kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili. Ikiwa yote miwili ni mita 10 kamili, pembe ni za nyuzi 90. Lakini pembe moja ikiwa na nyuzi 85, mshazari mmoja utakuwa kama mita 9.57 na mwingine mita 10.41. Tofauti hiyo ni sentimita 84, nayo jicho huenda lisiione mpaka siku ya kuezeka, mabati yatakapokataa kukaa sawa juu ya kuta.

Wala usipime mishazari peke yake. Iko trapeza ambayo pande zake mbili zisizo sambamba zina urefu sawa, na mishazari yake hulingana pia, ingawa haina hata pembe moja ya nyuzi 90. Pima pande kwanza, kisha mishazari, ndipo uchimbe.