Merikebu yenye vivuli

William Hope Hodgson alizaliwa Uingereza mwaka 1877. Mwaka 1891, alipokuwa angali kijana mdogo, alianza kazi ya baharia. Alijifunza matanga na kamba, tena alijua taabu ya kukesha usiku. Mabaharia wa siku zile walikuwa na hadithi nyingi za kutisha: merikebu zilizoonekana kisha zikatoweka, na watu waliokufa majini wakarudi.

Baadaye Hodgson aliandika hadithi zake mwenyewe. Mwaka 1909 alitoa kitabu kiitwacho The Ghost Pirates, maana yake Maharamia wa Mizimu. Habari yake ndiyo hii.

Baharia Jessop alipata kazi katika merikebu Mortzestus, mjini San Francisco. Mabaharia wa safari iliyotangulia walikuwa wameiacha wote, isipokuwa Williams peke yake. Williams alimwambia Jessop kwamba merikebu ile ina vivuli vingi mno.

Usiku mmoja bahari ilikuwa shwari. Jessop akaona kitu mfano wa mtu: kilitoka majini, kikavuka ukingo wa merikebu, kisha kikarudi baharini. Je, ulikuwa mzimu? Au macho yalidanganywa na giza? Jessop alinyamaza kwanza, maana aliogopa kuchekwa.

Siku nyingine Williams alipanda mlingoti usiku kufunga tanga. Akaanguka, akafa. Je, aliteleza? Au alitupwa? Hofu ikawashika wote. Mwisho merikebu ikazama, akaokoka Jessop tu.

Jessop alieleza mawazo yake juu ya vitu vile, lakini ni mawazo tu. Mwandishi hakusema vilikuwa nini hasa. Kama angalisema, msomaji angalifunga kitabu na kulala. Kwa kuwa hakusema, msomaji hukesha pamoja na mabaharia, akitafuta jibu.

Basi, msomaji mwenye akili hutenga mambo mawili: lile lililoonwa, na lile linalodhaniwa. Jessop aliona umbo gizani, hilo aliliona. Kwamba ni mzimu, hilo ni dhana.

Hodgson aliuawa vitani karibu na Ypres, Ubelgiji, mwaka 1918. Swali lake limebaki.

Maswali
1. Kwa nini Jessop alinyamaza kwanza?
2. Jessop aliona nini? Alidhani nini?
3. Eleza jambo uliloliona gizani ukadhani ni kitu kingine.