Kinga ya Mifugo Hurithiwa: Kabla ya Kuuza, Uliza Ukoo



Tangu mwaka 2006 na 2007, wafugaji wengi kutoka Bonde la Usangu wamehamia na mifugo yao mikoa ya Lindi na Mtwara. Kama kundi lako liko Masasi, au juu kwenye uwanda wa Makonde upande wa Newala, huenda umeliona jambo hili. Ng'ombe wawili wanachungwa pamoja na kuumwa na kupe wale wale. Mmoja anavimba tezi chini ya sikio, anapata homa, anahema kwa shida na kufa kwa ndigana kali. Mwenzake anaugua siku chache na kupona. Hiyo si bahati tu.

Kwa nini hutofautiana?

Ndama hurithi vinasaba, nusu kwa mama na nusu kwa baba. Baadhi ya vinasaba hivyo huongoza mwili kutambua vimelea na kupambana navyo. Waorma wa Mto Tana, Kenya, wamefuga penye mbung'o vizazi vingi, na Borani wao huhimili nagana kuliko Borani wengine. Mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba wamepata kinasaba kinachosaidia baadhi ya Borani kuhimili ndigana kali.

Kinga ina mahali pake

Hata binadamu hurithi kinga. Kuna ugonjwa uitwao multipo sklerosisi, ambapo kinga hushambulia utando unaofunika neva za mgonjwa mwenyewe. Mwaka 2024 watafiti wa mifupa ya kale walieleza kwamba vinasaba vinavyoongeza hatari ya ugonjwa huo vilifikishwa kaskazini mwa Ulaya na wafugaji wa nyika, yapata miaka 5,000 iliyopita. Wanadhani zamani viliwakinga wafugaji hao na magonjwa yaliyotoka kwa mifugo. Maisha yamebadilika, na sasa vinaleta madhara.

Vivyo hivyo zizini: dume aliyesifiwa kwingine huenda asiifae nchi yenye kupe na mbung'o. Mbegu ya hapa ipatikane kwa waliostahimili hapa.

Fanya haya

1. Kumbuka ng'ombe aliyeugua, aliyepona na mama yake. Waulize wanaokamua na watoto wanaochunga ndama. Mara nyingi wao ndio wanaojua.
2. Dume la mbegu litoke kwa mama aliyekaa hapa miaka mingi, mwenye afya na anayezaa vizuri. Usitazame ukubwa wa mwili peke yake.
3. Hasi madume mengine mapema.
4. Dume asipande binti zake. Badilishana na jirani kabla hawajafikia umri wa kupandwa.
5. Ukileta dume wa maziwa, jiandae kuwakinga watoto wake zaidi.

Tahadhari

Kuhimili si kutougua. Aliyepona anaweza kubaki na vimelea, na kupe wakavipeleka kwa wengine. Endelea kuogesha, na muulize afisa mifugo kuhusu chanjo ya ndigana kali. Chanjo hiyo hudungwa mara moja pamoja na dawa, na mtaalamu aliyefunzwa.

Siku ya mnada ada ya shule ikikubana, usimtoe wa kwanza aliye karibu na mlango wa zizi. Uliza kwanza: huyu ni mtoto wa nani?