Lehemu katika damu: kutoka Mkuyuni hadi Dar es Salaam

Mkulima wa Mkuyuni, Morogoro Vijijini, hupanda na kushuka miteremko ya Uluguru akiwa na jembe begani au mkungu wa ndizi kichwani. Ahamiapo Dar es Salaam, kazi hiyo hukoma. Je, lehemu (kolesteroli) katika damu yake hubadilikaje?

Swali hilo lilichunguzwa kwa watu 209 waliohama kutoka wilaya hiyo kwenda Dar es Salaam. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Walipimwa kabla ya kuondoka, kisha kwa vipindi hadi mwaka ukatimia. Wanaume wenye kazi za nguvu, waliokuwa karibu 8 kati ya 10, walibaki takriban robo. Uzito uliongezeka kwa zaidi ya kilo 2. Walikula nyama nyekundu zaidi, lakini pia matunda na mboga. Kinyume cha matarajio, HDL, lehemu inayosaidia kuondoa mafuta mishipani, ilipanda, na trigliseridi zikashuka kwa wanaume.

Hata hivyo, mwaka mmoja ni muda mfupi. Mishipa huziba kwa miaka mingi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta lehemu iliyozidi kwa asilimia 26 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Hali hiyo haina dalili, na mtu mwembamba hasalimiki nayo kwa wembamba wake. Wala jumla ya lehemu pekee haitoshi, kwa kuwa HDL nayo imo ndani yake. Mgonjwa akiambiwa jumla imepanda, aulize kiwango cha LDL, ile inayojikusanya kwenye kuta za mishipa.