Gati Likihama: Safari za Ziwa Victoria Baada ya Maji Kupanda

Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi kuvunja rekodi iliyodumu tangu Mei 1964. Mei 2024 yakapanda tena, yakaipita hata hiyo ya 2020. Kuanzia fukwe za Entebbe na Ggaba kule Uganda, vijiji vya kandokando ya Kisumu nchini Kenya, hadi mialo ya Mwanza, Mara na Kagera, mwambao ulibadilika sura. Sehemu za kupandia boti ziliingia majini, vibanda vikahamishiwa juu, na mtu ambaye hakuwa amesafiri kwa miezi michache alifika na mzigo wake akakuta shughuli zote zimesogea kwingine.

Nyakati kama hizo anayetaabika zaidi ni yule anayesafiri kwa mazoea. Njia anaijua, nahodha anamjua, saa ya kuondoka anaijua, kwa hiyo haulizi. Ushauri wangu mkubwa katika makala haya ni kwamba baada ya masika mazito au dhoruba kali, mwenyeji ajihesabu mgeni. Aulize upya chombo kinafunga wapi, kinaondoka saa ngapi, kinafikia wapi, na kutoka hapo kinapofikia atafikaje aendako.

Tabia ya ziwa lenyewe inafaa kueleweka, kwa sababu inakusaidia kukadiria usumbufu utachukua muda gani. Ziwa hili lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800. Maji yake mengi, karibu asilimia 80, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Yaliyobaki huletwa na mito, mkubwa kuliko yote ukiwa Kagera. Mengi huondoka kwa kugeuka mvuke, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, Mto Nile kule Jinja. Kwa ukubwa huo, sentimita moja ya kina ni kama mita za ujazo milioni 690 za maji. Ndiyo maana mvua inaweza kukatika leo na gati likabaki majini kwa miezi. Baada ya 1964 ziwa lilikaa juu ya kina chake cha zamani kwa miaka mingi. Kilele huja zaidi mwezi Mei, masika yanapokwisha. Basi ukiambiwa mwezi Mei kwamba gati limefunikwa, usipange harusi ya Juni ukitegemea kwamba litakuwa limeibuka.

Kinyume chake nacho hutokea. Mwaka 2006 kina kilishuka mno, na maji yakikimbia namna hiyo vyombo vikubwa hushindwa kukaribia gati, abiria na mizigo wakalazimika kushushiwa mbali. Halafu kuna magugu maji, ambayo upepo huyasukuma kutoka ghuba moja hadi nyingine. Mwanzoni mwa 2025 yalitanda kati ya Kigongo na Busisi na kukwamisha vivuko. Aprili 2020 kisiwa kinachoelea cha magugu na udongo kilisukumwa hadi kwenye mitambo ya umeme ya Jinja na Uganda ikaingia gizani. Kitu chenye nguvu za kuzima umeme wa nchi hakishindwi kuziba mlango wa gati la kijiji.

Kabla hujatoka nyumbani, anza na hali ya hewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa Ziwa Victoria kila siku, ukitaja kasi ya upepo, urefu wa mawimbi na uwezekano wa ngurumo. Hali ikiwa mbaya, hutoa taarifa kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Jifunze kuzitofautisha. Angalizo linakutaka uwe macho. Tahadhari kubwa maana yake ahirisha safari, hata kama shughuli iliyokuwa inakuita ni msiba. Kumbuka pia kwamba ziwa hili lina saa zake. Mchana mawingu ya mvua hujikusanya zaidi nchi kavu. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, na radi nyingi hupiga juu ya maji. Anga safi ya saa kumi jioni haikuambii lolote juu ya saa tisa usiku.

Baada ya hapo piga simu. Meli kubwa za Mwanza, kama MV Victoria iendayo Bukoba kupitia Kemondo na MV Butiama iendayo Nansio kisiwani Ukerewe, ziko chini ya Kampuni ya Meli Tanzania (TASHICO), iliyokuwa ikijulikana kama MSCL. Vivuko vingi vya umma viko chini ya TEMESA. Bandari ni za Mamlaka ya Bandari (TPA), na anayesimamia usalama wa vyombo ni TASAC. Nazitaja zote nne kwa sababu abiria wengi huuliza ofisi isiyohusika, hujibiwa nusu, kisha hulaumu. Mwenye meli anajua ratiba. Mwenye bandari anajua gati lipi linatumika. Na ukiona chombo kimejazwa kupita kiasi, wa kuambiwa ni TASAC au polisi.

Usikate tiketi kabla ya kuuliza maswali mawili: safari ikiahirishwa nauli yangu inarudi au inasogezwa mbele? Na meli ikishindwa kufunga pale nilipolipia, itanishusha wapi? Jibu la pili lina uzito kuliko wengi wanavyodhani, hasa kwa mwenye mzigo. Kemondo na Bukoba mjini ziko karibu ukiwa na begi la mkononi, lakini mwenye magunia 20 ya mahindi atalipia gari jingine na wapakuzi wengine. Wenzetu wa mbali nao wamelijua hili. Vimbunga Irma na Maria vilipopiga visiwa vya Karibi Septemba 2017, meli za watalii ziliacha kwenda San Juan na St. Thomas, zikapeleka abiria visiwa vingine ambavyo hawakuwa wamevichagua. Mikataba ya tiketi zao iliwaruhusu wenye meli kubadili bandari, na abiria wengi hawakuwa wameisoma. Meli zilianza kurejea Novemba mwaka huohuo, lakini gati lilifunguka mapema kuliko mji: maduka na hoteli nyingi zilikuwa bado zimefungwa. Ukisikia Nansio wanapokea meli tena, uliza pia kama bajaji zinafika gatini na kama nyumba ya wageni uliyoizoea haijaingia maji.

Weka akilini njia ya nchi kavu, na uweke akiba ya nauli yake. Kwenda Bukoba, daraja la Kigongo–Busisi lililozinduliwa Juni 2025, lenye urefu wa kilomita 3, limebadilisha kabisa hesabu za safari. Zamani kivuko kikisimama pale, Mwanza na Sengerema zilikuwa kama nchi mbili. Sasa unavuka kwa gari kwa dakika chache, unapita Sengerema, Geita, Biharamulo na Muleba hadi Bukoba bila kugusa maji. Kwenda Ukerewe, nenda kwa barabara hadi Bunda, ushuke Kisorya, kisha uvuke kwa kivuko hadi Rugezi. Ni mzunguko mrefu, ila sehemu ya majini ni fupi sana ukilinganisha na safari ya Mwanza hadi Nansio. Wanaokwenda Ukara kupitia Bugolora, au Kome kupitia Nyakaliro, hawana daraja. Kwao subira ndiyo njia mbadala, na naomba wasione aibu kulala siku moja zaidi kwa ndugu.

Hata hivyo barabara nayo ikaguliwe. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa, na mvua zilizofuata zikakata barabara ya kusini pale Somanga. Aliyekimbia maji akakwama nchi kavu. Wakati wa mvua kubwa uliza madereva waliotoka huko asubuhi ileile.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote. Gati rasmi likifungwa, ndani ya siku mbili tatu huzuka mwalo wa dharura. Mitumbwi inajipanga, bei inapanda, na abiria wanaingia bila tiketi wala jina kuandikwa popote. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba na Kemondo kuja Mwanza, walikufa zaidi ya watu 800. Wengi wamezikwa Igoma, na idadi kamili inabishaniwa hadi leo kwa sababu hapakuwa na orodha ya kuaminika ya waliopanda. MV Nyerere ilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018, mita chache tu kabla ya gati la Ukara, ilikuwa imebeba watu zaidi ya mara mbili ya 101 iliyoruhusiwa. Walikufa 228, na hapo pia hakuna aliyejua kwa hakika ni wangapi walikuwamo. Kama hali hiyo ilitokea kwenye vyombo vya serikali vyenye vibanda vya tiketi, fikiria mtumbwi wa mwalo usio na mwenyewe.

Kwa hiyo jina lako liandikwe. Pasipo na karani, mpigie ndugu: mwambie jina la chombo, mwalo unaotokea, mwalo unaokwenda na saa ya kuondoka. Vaa jaketi okozi, ulifunge vizuri kifuani. La kukalia halikusaidii. Mtoto avae la kimo chake, maana la mtu mzima humchomoka akiingia majini. Ukikuta majaketi ni machache kuliko abiria, shuka. Utasemwa kuwa mwoga, na semi hizo huvumilika.

Chombo kikikaribia kufunga, kaa ulipo. MV Nyerere ilipinduka abiria walipojisogeza upande mmoja ikikaribia gati. Hatari hii huongezeka gati likiwa geni, kwa kuwa kila mtu anataka kuona atashukia wapi na mizigo inavutwa upande wa kutokea. Subiri kamba zifungwe na mabaharia waseme shuka. Wenye mitumbwi nao wakumbuke kwamba maji yaliyopanda yanaficha mambo: nguzo za gati la zamani, mashina ya miti, kuta za vibanda, na miamba ambayo Mwanza inajulikana kwayo. Jiwe ambalo juzi lilikuwa limejitokeza na kila mtu analikwepa, leo liko chini kidogo ya uso wa maji. Usiku mahali kama hapo si pa kuingia kwa kukisia.

Mwalo wa dharura una hatari nyingine isiyo na kelele. Chombo hakifiki ukingoni, hivyo abiria huingia majini hadi magotini, wakipita kwenye nyasi zilizofunikwa. Maji hayo matulivu yenye majani ndiyo makazi ya konokono wa kichocho, na vimelea vyake hupenya kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda. Vaa buti ndefu ukiweza, au lipia mbao za kukanyagia. Ukilowa, jifute mara moja kwa nguvu kwa kitambaa kikavu. Baada ya wiki 6 hadi 8 nenda kituo cha afya ukapimwe. Dawa yake, prazikwanteli, inajulikana na inatibu. Nyasi hizohizo huficha mamba na viboko waliosogea pamoja na maji, kwa hiyo usipandie mahali pa peke yako alfajiri au magharibi. Na maji ya kunywa usichote hapo hata kidogo. Vyoo vya mwaloni vilivyofurika humwagikia humohumo, na kipindupindu hakichagui mwenyeji. Beba maji yaliyochemshwa kutoka nyumbani.

Neno kwa wenye vibanda, mama lishe na wachuuzi wanaoishi kwa kufuata abiria: gati likihama, wateja wamehama, na kuhama nao ni haki yenu. Lakini jengeni kitu cha kung'oka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na maji ya 2020 na 2024 yalionyesha kwa nini mita hizo ziliwekwa. Aliyekuwa na meza na turubai alibeba akaondoka. Aliyekuwa amemimina zege alipoteza mtaji.

Viongozi wa vikundi vya usimamizi wa mialo na serikali za mitaa, nawaomba jambo dogo: siku gati linapofungwa, wekeni bango kubwa pale pa zamani likisema huduma imehamia wapi, na mtume mtu akae hapo wiki ya kwanza kuelekeza watu, wakiwamo wazee wasiosoma. Nanyi wasafiri, wekeni namba hizi kwenye simu kabla ya kupanda: 112 polisi, 114 Zimamoto na Uokoaji. Simu yenyewe iwekeni ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri.